Kisukari Hulidhuru Jicho Kabla Halijaonekana Gonjwa

Leo twataka kuzungumza nanyi habari ya neno moja lisemwalo kila siku katika vyumba vya waganga wa macho. Nalo ni neno jema: "Sijaona ubaya wowote." Mwenye kisukari aambiwapo neno hilo hufurahi, tena ana haki ya kufurahi. Walakini wengi hulipokea kwa maana isiyo yake. Daktari asema hakuona. Mgonjwa asikia ya kwamba hakuna. Kati ya maneno hayo mawili pana nafasi ya miaka kadha wa kadha, na katika nafasi hiyo ndimo hupandwa mbegu ya upofu wa watu wengi.

Hatusemi haya kwa kuwatisha watu. Twasema kwa sababu elimu ya macho imethibitisha jambo ambalo kila nyumba yenye mgonjwa wa kisukari yapaswa kulijua: sukari iliyozidi katika damu huanza kuidhuru sehemu ya ndani ya jicho mapema sana, mwenye jicho angali akisoma gazeti hili bila shida, na daktari angali hajaona hata nukta moja ya ugonjwa. Tena elimu hiyo hiyo imethibitisha ya kwamba wakati huo wa ukimya ndio wakati ambao juhudi ya mgonjwa humpa faida kubwa kuliko wakati mwingine wowote. Mambo hayo mawili ndiyo somo letu la leo.

RETINA NI KITU GANI?

Jicho lafanana na chumba cha giza chenye dirisha moja mbele. Mwanga huingia kwa dirisha hilo, yaani mboni, ukapita katika lenzi, kisha ukaangukia ukuta wa nyuma. Ukuta huo umetandikwa utando mwembamba sana, ambao unene wake ni kama robo ya milimita au pungufu. Utando huo ndio uitwao retina.

Kwa wembamba wake mtu angeudhania kuwa ni kitu duni. Kumbe ndani yake mna chembe hai, yaani seli, zaidi ya milioni 100 zenye kazi ya kuupokea mwanga. Pamoja nazo mna matabaka ya seli nyingine ambazo huupanga ujumbe wa mwanga huo na kuupeleka ubongoni kwa njia ya nyuzi za neva zipatazo milioni moja. Wataalamu hufundisha ya kwamba retina ni sehemu ya ubongo wenyewe, kwani mtoto anapoumbwa tumboni mwa mama yake, retina huchipuka kutoka katika ubongo. Basi mtu anayeitazama retina ya mwenzake aitazama sehemu ya ubongo ulio hai.

Kazi hiyo yataka chakula kingi. Tukilinganisha kwa uzito, ni sehemu chache mno za mwili zinazotumia oksijeni nyingi kama retina. Na usiku katika giza hutumia nyingi zaidi kuliko mchana. Chakula na oksijeni huletwa na vishipa vya damu vyembamba kuliko unywele. Lakini vishipa hivyo haviwezi kuwa vingi kupita kiasi, maana vingeuzuia mwanga usipite. Kwa hiyo retina huishi kama kijiji chenye watu wengi na kisima kimoja: maji yatosha, ila ziada hakuna. Kisima kikiharibika kidogo tu, kiu huanza. Hali kadhalika watu wa kijiji wakiugua, hata kisima kiwe kizima namna gani, kazi hulala.

WALIOCHUNGULIA KWANZA

Kabla ya katikati ya karne ya 19, hakuna daktari aliyeweza kuiona retina ya mtu aliye hai. Mwaka 1851 Mjerumani Hermann von Helmholtz alitangaza chombo chake cha kuchungulia ndani ya jicho. Katika miaka hiyo hiyo ya 1850, daktari Eduard Jäger wa Vienna, kwa kutumia chombo cha namna hiyo, aliona madoa katika retina ya mgonjwa wa kisukari akayachora. Wenziwe wengi hawakukubali ya kwamba madoa hayo yaletwa na kisukari. Waliyahesabu kuwa matunda ya uzee na ya shinikizo la damu. Shaka hiyo ilidumu karibu miaka 100, hata Arthur Ballantyne na Arnold Loewenstein wa Glasgow walipoonyesha mwaka 1943 ya kwamba kisukari chenyewe kina ugonjwa wake maalumu wa retina.

Na kwa nini ulichelewa kutambuliwa? Sababu mojawapo ni kwamba zamani wagonjwa wengi wa kisukari, hasa vijana, hawakuishi muda wa kutosha kupata ugonjwa huo. Insulini ilianza kutumika kwa binadamu mjini Toronto, Kanada, mwezi wa Januari 1922. Tangu hapo watu ambao wangalikufa katika miezi michache waliishi miaka 20, 30, hata zaidi. Na kwa kuishi kwao ugonjwa wa retina ukapata nafasi ya kujionyesha.

Walichokiona waganga hao, na kinachoonekana hata leo kwa chombo cha kuchungulia, ni hiki: kwanza vivimbe vidogo vyekundu kama ncha ya sindano katika vishipa vya damu, kisha matone ya damu na madoa ya manjano ya mafuta yaliyovuja. Mara nyingine katikati ya retina huvimba maji, mahali pale pa kusomea na kutambulia nyuso za watu. Mwishowe vishipa vipya vilivyo dhaifu huota mahali visipotakiwa, hupasuka, hujaza jicho damu, na kuivuta retina ikabanduka. Kwa muda mrefu kivimbe kile cha kwanza kilihesabiwa kuwa ndio mwanzo wa ugonjwa. Sasa twajua ya kwamba sicho. Kivimbe kile ni moshi uliotokea paani. Moto ulikwisha washwa jikoni zamani.

MABAVU YA KISHIPA YAMELEGEA

Mwaka 1961 wataalamu watatu waliofanya kazi Boston, Marekani, nao ni David Cogan, Daniel Toussaint na Toichiro Kuwabara, walitoa habari ya uchunguzi wa macho ya marehemu waliokuwa na kisukari. Walitumia njia ya ajabu. Waliiweka retina katika maji yenye kimeng'enyo kiyeyushacho nyama, wakaacha sehemu nyingine zote ziyeyuke, hata ukabaki wavu wa vishipa vya damu peke yake. Wavu huo wakautazama kwa hadubini.

Sharti tueleze kwanza kishipa cha retina kilivyojengwa. Ndani kimetandikwa seli bapa zilizoungana barabara kama vigae vya sakafu, zisiruhusu kitu kuvuja. Nje kimekumbatiwa na seli nyingine ziitwazo perisiti, ambazo hukishikilia kishipa kama mikono ya mtu iliyoshika bomba. Katika retina iliyo nzima, seli hizi mbili karibu zalingana kwa hesabu, moja kwa moja. Hakuna mahali pengi mwilini penye ulinzi wa namna hiyo. Bwana Cogan na wenziwe waliona ya kwamba katika macho ya wenye kisukari perisiti nyingi zilikuwa zimekufa, pakabaki alama tupu mahali zilipokuwa.

Basi twaweza kufahamu yatokeayo. Sukari ikizidi siku baada ya siku, perisiti hufa mojamoja. Ngozi ya nje ya kishipa hunenepa ikawa ngumu. Vile vigae vya ndani huachana kidogo. Chembe nyeupe za damu huanza kunata ukutani na kuziba njia ya damu. Hayo yote ni madogo mno hata jicho la daktari na chombo chake haliwezi kuyaona. Ni mpaka mahali pale palipopoteza mikono yake pafure kama mpira uliochakaa, ndipo kile kivimbe chekundu huonekana. Mchwa huila nguzo ya nyumba kwa ndani, na kwa nje nguzo yasimama vilevile. Mwenye nyumba hupita kila siku akiisifu nguzo yake, mpaka siku moja aigonge kwa kidole.

NEVA NAZO HAZIKUSALIMIKA

Kwa miaka mingi wataalamu waliamini ya kwamba kisukari huharibu vishipa vya damu kwanza, na neva za retina huumia baadaye kwa kukosa damu. Walakini mapema sana palitokea ushahidi wa kutilia shaka imani hiyo.

Retina inapopigwa na mwali wa mwanga hutoa umeme kidogo, nao waweza kupimwa kwa waya uliogusishwa jichoni. Mstari wa umeme huo hupanda kama kilima, na juu ya mteremko wake pana viwimbi vidogo vidogo vitokavyo katika matabaka ya ndani ya retina. Mwaka 1962 wataalamu wa Japani, Yonemura na wenziwe, walieleza ya kwamba katika baadhi ya wagonjwa wa kisukari viwimbi hivyo vilikuwa vimepungua, ingawa retina zao zilipochunguliwa hazikuonyesha ugonjwa. Maana yake, macho yalionekana mazima, lakini sauti ya umeme wake ilikuwa imeanza kufifia.

Mwaka 1998 wataalamu wa Pennsylvania, Marekani, waliongeza ushahidi mzito. Waliwachunguza panya waliotiwa kisukari, wakaona ya kwamba baada ya mwezi mmoja tu seli za neva za retina zilikuwa zikifa kwa wingi kupita desturi. Ilipotimu miezi saba na nusu, zile seli za ganglioni, ambazo nyuzi zake ndizo ziupelekazo ujumbe ubongoni, zilikuwa zimepungua kiasi cha sehemu 10 katika 100. Dalili za kifo cha namna hiyo walizikuta pia katika macho ya binadamu waliokufa wakiwa na kisukari. Jambo la faraja ni kwamba panya waliopewa insulini seli zao zilisalimika zaidi.

Baadaye wataalamu wa chuo kikuu cha Berkeley, California, walipima umeme wa retina sehemu kwa sehemu, kama mkulima apimaye shamba tuta kwa tuta. Waliona ya kwamba katika retina za wenye kisukari zipo sehemu zilizochelewa kuujibu mwanga. Nazo sehemu hizo zilizochelewa ndizo zilizoelekea zaidi kupata vivimbe na madoa katika muda wa mwaka uliofuata. Basi neva iliyosinzia ilikuwa imetabiri mahali ugonjwa utakapotokea.

Tena yako mashine mapya yapimayo unene wa retina kwa mwanga, bila kuigusa, mpaka kiasi cha sehemu ya elfu ya milimita. Mwaka 2016 ilitangazwa habari ya uchunguzi wa watu 45 wenye kisukari cha aina ya kwanza, waliofuatwa kwa miaka 4, nao hawakuwa na ugonjwa wa retina uonekanao au walikuwa nao kidogo sana. Tabaka la nyuzi za neva katika macho yao lilikuwa likipungua mwaka hata mwaka, kwa wastani wa robo ya ile sehemu ya elfu ya milimita. Ni kidogo mno. Lakini tabaka hilo halioti tena likiisha kupungua.

Je, neva huanza kuumia au kishipa? Wataalamu wangali wakijadiliana, na yaelekea si watu wote walio sawa. Katika retina neva, kishipa na seli za kuwasaidia hufanya kazi kama jamaa ya nyumba moja. Mwanga wa kumetameta ukimulikwa jichoni, neva huongeza kazi, nazo hukiita kishipa kitanuke kilete damu zaidi. Imepimwa ikaonekana ya kwamba katika wenye kisukari kishipa hutanuka kidogo kuliko ipasavyo, hata wale ambao daktari hajaona ubaya kwao. Neva yaita, kishipa hakiitiki vema. Katika nyumba ya namna hiyo si lazima tujue nani aliyeanza kununa ndipo tujue ya kwamba amani imekwisha kuharibika.

JE, MGONJWA AWEZA KUTAMBUA MWENYEWE?

Kwa kawaida hawezi. Hapo ndipo penye hila ya maradhi haya. Wazee wetu walisema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini mvua hii hunyesha kabla ya mawingu kutanda. Maumivu hayapo, wekundu haupo, na herufi za ubaoni mgonjwa huzisoma zote mpaka mstari wa chini.

Ni kweli ya kwamba vipimo vya uangalifu huonyesha mapungufu madogo. Baadhi ya wagonjwa hupungukiwa na uwezo wa kutofautisha vitu vyenye rangi zinazokaribiana, kama kikombe cha kijivu juu ya meza ya kijivu. Wengine huchanganya kidogo rangi za namna ya buluu na manjano. Wengine macho yao huchelewa kuzoea giza, mathalani mtu atokapo juani akaingia chumbani. Lakini uzee na mtoto wa jicho huweza kuleta mambo hayo hayo, kwa hiyo asijitibu mtu kwa kubahatisha.

Hapa twapenda kuwaonya wasomaji juu ya kosa moja la kawaida. Mtu ambaye sukari yake yapanda na kushuka sana huweza kuona ukungu leo na kuona vizuri wiki ijayo. Ukungu huo aghalabu watoka katika lenzi ya mbele, ambayo hubadilika umbo kwa sababu ya sukari. Hautoki katika retina. Wengi hukimbilia kununua miwani, na sukari ikitulia miwani ile haiwafai tena. Yafaa kungoja sukari itulie wiki kadhaa ndipo kupima miwani. Wala mtu asidhani ya kwamba ukungu ukiondoka, basi retina imepona. Hayo ni mambo mawili mbalimbali.

FAIDA YA MIAKA ISIYOONEKANA

Sasa twafika kwenye kiini cha somo letu. Kama madhara huanza mapema hivyo, je, yafaa nini kujitahidi? Jibu lilipatikana kwa uchunguzi mkubwa uliofanywa Marekani na Kanada tangu mwaka 1983 mpaka 1993, wenye watu 1,441 wa kisukari cha aina ya kwanza. Nusu yao walitunzwa kwa desturi ya siku zile. Nusu nyingine walitunzwa kwa bidii zaidi: walipima sukari mara nyingi kwa siku na kupata insulini mara tatu au zaidi, au kwa pampu. Miongoni mwa wale walioanza bila ugonjwa wowote uonekanao wa retina, waliotunzwa kwa bidii walipunguziwa hatari ya kuupata kwa sehemu 76 katika 100.

Lakini lisikilizeni jambo hili, maana ndilo lenye mafundisho. Katika miaka kama mitatu ya kwanza, makundi hayo mawili hayakutofautiana. Mtu aliyejinyima na kujichoma sindano kila siku, na mwenziwe aliyekwenda kwa desturi, wote wawili waliambiwa maneno yaleyale. Mtu mwenye haraka angalisema, "Kazi bure." Baada ya hapo ndipo njia zao zilipoachana, na kadiri miaka ilivyopita ndivyo zilivyozidi kuachana. Kama vile madhara hufanya kazi kwa siri, ndivyo na matunzo yafanyavyo kazi kwa siri.

Tena uchunguzi huo ulipokwisha mwaka 1993, watu hao waliendelea kufuatwa. Sukari za makundi yote mawili zikaja zikakaribiana. Hata hivyo, wale waliotunzwa vema katika miaka ya kwanza waliendelea kuwa na retina bora kwa zaidi ya miaka 10. Retina ina kumbukumbu: hukumbuka mema na hukumbuka mabaya.

Kwa kisukari cha aina ya pili, ambacho huwapata watu wazima walio wengi, uchunguzi ulioanza Uingereza mwaka 1977 na kutangazwa mwaka 1998 ulihusu wagonjwa 5,102 waliokuwa wametambuliwa karibuni. Zaidi ya theluthi ya waliopigwa picha za retina walikutwa wamekwisha kuwa na alama za ugonjwa siku ile ile ya kutambuliwa kwao. Maana yake kisukari kilikuwa kimeishi mwilini mwao miaka mingi bila kuitwa kwa jina. Uchunguzi huo ulionyesha pia ya kwamba wenye shinikizo la damu waliotibiwa kikamilifu walipunguziwa kuendelea kwa ugonjwa wa retina kwa karibu sehemu 34 katika 100. Basi sukari peke yake siyo adui. Shinikizo la damu ni mshirika wake.

HALI YA HAPA KWETU

Pengine msomaji mmoja atasema ya kwamba haya ni maradhi ya nchi za mbali. Hapa Tanzania, uchunguzi uliofanywa katika vijiji sita na kutangazwa mwaka 1989 ulikuta kisukari kwa watu wazima wasiotimia mmoja katika 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, wa watu wa miaka 25 mpaka 64, ulikuta karibu 9 katika 100. Njia za kupima hazikuwa sawa, tena wa kwanza ulihusu vijiji peke yake; hata hivyo, tofauti hiyo yatosha kutuamsha. Ulimwenguni kote mwaka 2024 watu wazima wenye kisukari walikadiriwa kuwa milioni 589. Haba ni nyumba ambayo haina jamaa mwenye ugonjwa huu, au aliye nao pasipo kujua.

YATUPASAYO KUFANYA

Kwanza, mwenye kisukari cha aina ya pili achunguzwe macho mara tu atambuliwapo, wala asingoje mpaka aone vibaya. Mwenye aina ya kwanza aanze katika muda wa miaka mitano tangu kuugua. Kisha wote warudie kila mwaka, au kama daktari atakavyoagiza. Mwanamke mwenye kisukari akipata mimba achunguzwe mapema, maana mimba huweza kuuharakisha ugonjwa wa retina. Uchunguzi wenyewe si kusoma herufi ukutani tu. Ni kutiwa matone ya kupanua mboni ili retina itazamwe, au kupigwa picha ya retina kwa mashine. Matone hayo huleta ukungu kwa saa chache. Mgonjwa asiendeshe gari wala pikipiki siku hiyo, na ni vema asindikizwe. Hospitali kubwa, kama vile KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza, Muhimbili na CCBRT za Dar es Salaam, zina idara za macho. Aliye mbali aulize hospitali ya wilaya yake njia ya kufika.

Pili, daktari akisema hakuona ubaya, mgonjwa ashukuru, kisha aongeze bidii, maana ndipo penye faida. Aulize sukari yake ya wastani wa miezi mitatu, ambayo hupimwa kwa damu. Aulize na shinikizo lake. Nambari hizo mbili huweza kumweleza habari za miaka ijayo ya macho yake kuliko kioo cha nyumbani.

Tatu, asijishushie sukari kwa papara. Katika uchunguzi ule wa Marekani na Kanada, waliotunzwa kwa bidii walipatwa na upungufu mkali wa sukari mara tatu zaidi ya wenzao, na upungufu huo huweza kumzimisha mtu. Tena sukari iliyokaa juu miaka mingi ikishushwa ghafula, retina iliyokwisha kuugua huweza kuzidi kuharibika kwa muda kabla ya kupata nafuu. Kwa hiyo dozi ibadilishwe na mganga, na macho yatazamwe kabla ya mabadiliko makubwa.

Nne, tujihadhari na wauzao matone na mizizi vituoni na sokoni wakiahidi kusafisha macho ya wenye kisukari. Hakuna tone lililothibitishwa kuzuia madhara haya ya mapema. Retina iko nyuma ya jicho, na chakula chake huletwa na damu. Yaitakayo kuilinda na aitengeneze damu yake. Ugonjwa ukiisha kuonekana, iko tiba ya mwanga wa leza na ya sindano za ndani ya jicho, nazo zimewaokoa wengi na upofu. Lakini tiba hizo huokoa kilichobaki. Aghalabu hazirudishi kilichokwisha kupotea.

Tano, na neno hili twawaambia hasa jamaa wa nyumbani: msimwachie mgonjwa mzigo wake peke yake. Baba akikatazwa chai ya vijiko vinne vya sukari, na nyumba nzima ipunguze. Mama akipunguziwa ugali na kuongezewa mboga, asipikiwe kando kama mgeni. Kijana wa shule mwenye kisukari asionewe haya kwa sindano zake. Nauli ya kwenda kuchunguzwa macho iwekwe akiba kama iwekwavyo ada ya shule. Miaka mitatu ya kujitahidi bila kuona matokeo ni mirefu kwa mtu aliye peke yake. Kwa nyumba inayosaidiana ni mifupi.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi twaongeza neno moja: ufa huu hauonekani kwa macho, lakini umekwisha kupimwa kwa hadubini, kwa umeme na kwa mwanga, na njia ya kuuzuia yajulikana. Basi kila mwenye kisukari aliye msomaji wetu, kama mwaka umepita bila kutazamwa retina, aulize siku ya kliniki kabla ya wiki hii kwisha. Na yule aliyeambiwa jana ya kwamba macho yake ni mazima, ajue ya kwamba amepewa muda. Autumie.